Kitinda Akija Januari

Mama Sindano hakuhitaji saa. Jua lilipoingia kwa mlango wa karakana na kuangukia meza ya kukatia vitambaa, alijua mumewe yuko njiani na kigoda chake. Mzee angekuja polepole, aketi karibu na mlango penye hewa, kisha aanze kumchokoza.

"Leo umeamka na uso wa godoro la zamani," alimwambia asubuhi moja.

"Godoro la zamani ndilo linalojua mgongo wa mwenyewe," alijibu mkewe. "Nitungie uzi hapa."

Walikuwa wameoana miaka arobaini na miwili. Miaka yote hiyo walishona magodoro ya sufi, ya pamba, ya usumba, na siku hizi ya sponji. Mke aliitwa Mama Sindano kwa sababu sindano yake ndefu ilichomekwa kwenye kilemba hata akienda sokoni, na watu walimpisha njia. Mume aliitwa Mzee Sufi. Nywele zake ziligeuka nyeupe mapema, na wateja wapya walidhani ni vumbi la kazi wakataka kumpangusa.

Vumbi lenyewe lilikuwa limeingia mahali pabaya zaidi. Kifua cha mzee kilikuwa kimechoka. Akipanda vidato vitatu alisimama kuvuta pumzi. Daktari alimkataza kuchambua pamba. Sasa alitunga uzi, alikata vifungo, na alimsimamia mkewe, kazi ambayo hakuna aliyempa.

Watoto wao wawili walikuwa mbali. Kifungua mimba, waliyemwita Kifungua, alikuwa fundi bomba katika nchi moja ya kusini kabisa mwa dunia. Kitinda mimba, binti waliyemwita Kitinda, alifanya kazi kwenye ghala la vitabu katika nchi ya kaskazini, ambako wakati wa baridi maji ya barabarani huganda yakawa kama kioo. Kila Ijumaa jioni simu ililia.

Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba, mzee alikuwa anaoga simu ilipolia. Alikuwa Kitinda.

"Mama, likizo yangu imetoka. Ni Januari tena, wiki tatu."

Mama Sindano aliutazama mlango wa bafu. Alitaka kumzuia, na alikuwa na sababu, lakini sababu hiyo iliona haya kutoka mdomoni.

Kitinda alikuwa amekuja Januari miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza, siku chache baada ya binti kufika, mzee alishikwa na homa na kikohozi, akalala wiki mbili. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo. Mwaka wa tatu kikohozi kikageuka nimonia. Mzee alilazwa siku tisa, na mirija ya oksijeni puani. Likizo ya Kitinda iliisha baba yake akiwa bado wodini.

Siku moja wodini alikuwepo Shangazi, dada yake mzee. Shangazi alimpenda kaka yake kuliko macho yake mwenyewe. Alikaa pembeni ya kitanda, akamnong'oneza Mama Sindano.

"Wifi, mimi sisemi sana. Lakini Kifungua akija nyumba hii inacheka. Huyu wa mwisho akija, kaka yangu anaanguka. Kuna watu wana mguu wa nuksi."

Mama Sindano hakuyaamini maneno hayo. Lakini pia hakuyakataa. Neno kama hilo ni mwiba. Usipolitoa siku lilipoingia, hutunga usaha.

Sasa usaha ulikuwa umeiva. "Mwanangu," alisema kwenye simu, "mwaka huu usije."

Sauti ya Kitinda ikawa ndogo: "Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa kitu. Pumzika tu huko. Safari ni ndefu."

"Sawa, mama."

Kitinda hakuwa mtu wa kusema "sawa" haraka. Tangu utotoni alibishana hata kuhusu upande wa kulala. Mama Sindano alikaa na simu mkononi mpaka mumewe akatoka bafuni, taulo begani.

"Alikuwa nani?"

"Mteja," alidanganya. Alikuwa hajawahi kumdanganya kwa jambo kubwa. Usiku huo uji wa mzee aliutia chumvi mara mbili.

*

Wiki iliyofuata Bibi Afya aliagiza mito ya mabenchi. Bibi Afya alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyesimamia kinga na usafi katika kituo cha afya, mitaa miwili kutoka karakana. Mama Sindano alikwenda na utepe wake kupima.

Alishangaa. Chumba cha kungojea kilikuwa nusu tupu. Mabenchi mengi yalikuwa yamehamishiwa barazani. Seremala alikuwa anapanua dirisha, na dirisha la upande wa pili lilikuwa wazi kabisa.

"Bibi Afya, sasa wagonjwa watakaa nje kama nguo za kuanika?"

"Wenye kikohozi ndio watakaa nje. Ndani nataka watu wachache na hewa inayopita."

"Lakini upepo si ndio unaoleta mafua?"

"Upepo utakutetemesha, mama. Mafua huletwa na kirusi, na kirusi huletwa na mtu." Bibi Afya aliegemea ukuta. "Hebu niambie. Ukichambua sufi ndani ya karakana, inakwenda wapi?"

"Mabonge yanaanguka sakafuni. Ile laini inaelea. Jua likiingia unaiona imejaa hewani."

"Ukifunga mlango na madirisha?"

"Inaelea kutwa nzima. Unaila, unaivuta, unalala nayo."

"Ukifungua mlango wa mbele na dirisha la nyuma?"

"Inatoka. Majirani wanalalamika." Mama Sindano alicheka, kisha akaacha. Alianza kuelewa.

"Mtu mwenye mafua makali ni hivyo hivyo," alisema Bibi Afya. "Akikohoa, akiongea, akiimba, hata akipumua tu, hutoa matone madogo yenye virusi. Makubwa huanguka karibu. Madogo sana huelea hewani. Chumba kikiwa kimefungwa, hujaa humo, na aliyekaa ndani huyavuta. Tofauti ni moja. Sufi unaiona. Hii huioni."

Mama Sindano alikunja utepe wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Bibi Afya, nikuulize jambo la aibu?"

"Kituoni hakuna la aibu. Niulize."

"Ugonjwa unaweza kumfuata mtu mmoja? Kila akija yeye, ndio uje?"

Bibi Afya hakucheka. Alimvutia benchi. Mama Sindano akaketi, akamweleza yote: Januari tatu, siku tisa za wodini, neno la Shangazi, na ile simu ya Ijumaa. Alipofika kwenye "nimekosa nini, mama," alijifanya anatafuta sindano kwenye kilemba.

"Binti anaishi wapi?"

"Kaskazini ya mbali. Kwenye barafu."

Bibi Afya alichukua karatasi ya vipimo, akaigeuza. Alichora duara, akapitisha mstari katikati.

"Hii ndiyo dunia. Huku juu, baridi ni Desemba mpaka Februari. Watu hujifungia ndani, na madirisha hufungwa. Hewa huwa kavu, na virusi vya mafua hupenda hewa ya namna hiyo. Kwa hiyo mafua makali hupamba moto miezi hiyo, karibu kila mwaka. Huku chini mambo ni kinyume. Baridi yao ni Juni mpaka Agosti, na mafua yao hupanda wakati huo. Wanapokezana, kama walinzi wa zamu."

"Na sisi wa katikati?"

"Sisi hatuna zamu moja. Yanaweza kuja wakati wowote. Mara nyingi huzidi mvua zinapotufungia ndani. Na siku hizi kuna ndege. Mtu hukohoa leo upande mmoja wa dunia, kesho yuko sebuleni upande mwingine. Mara nyingi hata hajui kwamba anaumwa. Mwenye mafua huweza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya." Aliigeuza kalamu kidoleni. "Yule kaka yake, mwenye mguu mwema, anaishi wapi?"

"Kusini kabisa."

"Huja mwezi gani?"

"Desemba. Wakifunga kazi."

Bibi Afya aliweka ncha ya kalamu sehemu ya chini ya duara, akangoja.

Mama Sindano aliitazama kalamu. "Desemba huko ni joto," alisema taratibu. "Huwa anatuambia wanalala madirisha wazi." Kisha akashika mdomo. "Lakini aliwahi kuja Julai. Alikuja kumzika mjomba wake. Mzee aliugua siku ya nne. Sote tulisema ni majonzi."

"Na hakuna aliyesema Kifungua ana nuksi."

"Hakuna."

Nje seremala alipiga msumari.

"Kwa hiyo kweli ni Kitinda aliyeuleta," alisema Mama Sindano.

"Huenda ni yeye. Huenda ni jirani aliyekuja kumsalimia. Alipofika mlifanya nini?"

"Watu ishirini sebuleni. Tulifunga madirisha ili vumbi la karakana lisimsumbue mgeni. Mzee tulimweka katikati, kila mtu amkumbatie."

"Mama, mlimkusanyia mzee virusi kisha mkafunika chungu." Alisema kwa upole, na mkono wake ulikuwa begani mwa Mama Sindano. "Mtu kubeba ugonjwa bila kujua si kosa wala nuksi. Anayepaswa kujua ni sisi tunaompokea. Ukijua mafua yana majira gani na yanapita njia gani, unaweza kuyazibia njia."

"Magonjwa yote ya hewa yana majira?"

"Si yote. Surua nayo inaenea kwa hewa, tena kwa kasi kuliko mafua. Hiyo hulipuka pale watoto wasiochanjwa wanapokuwa wengi, ndiyo maana hutulia miaka kadhaa kisha ikarudi kwa kishindo. Korona ilipoanza haikungoja baridi ya mtu. Lakini zote hupenda kitu kimoja: watu wengi kwenye chumba kisicho na hewa."

Mama Sindano alisahau kupima mabenchi mawili. Ilibidi arudi kesho yake.

*

Jioni alimweleza mumewe, kuanzia uongo wa "mteja." Mzee Sufi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi.

"Umemfungia mwanangu mlango bila kuniambia," alisema.

"Niliogopa kukupoteza."

"Najua. Lakini kifua ni changu. Ungeniuliza." Alivuta pumzi. "Nipe simu."

Haikuwa Ijumaa. Kitinda alipokea kwa hofu. "Kuna nini? Baba anaumwa?"

"Baba mzima kabisa, anakutafuta wewe," alisema mzee. "Mama yako ana neno."

Mama Sindano alichukua simu. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, yote yakayeyuka. "Mwanangu, nilikukosea. Nilikuzuia usije kwa sababu niliogopa kwamba baba yako huugua wewe ukija. Sikukwambia, nikakuacha na kitendawili. Njoo."

Kitinda alilia kidogo. "Hata mimi nilifikiri ni mimi, mama. Shangazi ana sauti kubwa hata akinong'ona. Nilimsikia siku ile wodini."

Ikawa zamu ya mama kulia.

Kitinda alijaribu kuhamisha likizo hadi Mei, baridi ya huko ikiwa imepita. Mkuu wake wa kazi alikataa. Basi wakaamua aje Januari, lakini kwa akili. Bibi Afya aliwasaidia kupanga. Chanjo ya mafua haikuwepo pale kituoni, lakini ilikuwepo hospitali kubwa. Mzee na mkewe wakachanjwa mapema Desemba, na Kitinda akachanjwa huko aliko.

"Inataka kama wiki mbili ndipo ifanye kazi," alisema Bibi Afya. "Na hurudiwa kila mwaka, kwa sababu kirusi cha mafua hubadili sura kama mwizi. Wala msifikiri ni ukuta wa chuma. Mtu aliyechanjwa anaweza kuugua, ila mara nyingi huugua kidogo. Ndiyo maana madirisha nayo yafunguliwe."

"Na vile vidonge vya rangi mbili anavyonunua jirani yetu?" aliuliza mzee.

"Antibiotiki haziui virusi, baba. Hizo aziandike daktari tu. Ila ukipata homa, njoo siku hiyo hiyo, usingoje. Kuna dawa za mafua zinazosaidia watu wenye kifua kama chako, zikianzwa mapema."

Mama Sindano alihamisha magunia ya sufi yaliyoziba dirisha la sebule kwa miaka kumi na moja. Nyuma yake alikuta mkasi uliopotea, vifungo vya watu, na ukuta wenye rangi waliyokuwa wameisahau.

*

Kitinda alifika Jumamosi, barakoa usoni tangu uwanja wa ndege. Viti vilipangwa uani. Majirani walikuja wachache wachache, wakasalimia, wakaenda. Mzee alikaa upande unakotoka upepo. Baba na binti walitazamana kwa umbali wa hatua tatu.

"Umekonda," alisema mzee.

"Umeona wapi na nimefunikwa uso?"

"Masikio yamekonda."

Shangazi alikuja na mikono imefunguka, tayari kukumbatia. Mama Sindano alimpa barakoa. Aliishika kwa vidole viwili.

"Wifi, nimekuwa mwizi?"

"Umekuwa dada wa mtu mwenye kifua kibovu."

Shangazi aliivaa, lakini hakunyamaza. Alisema hayo ni mambo ya kuigiza, na kwamba penye nuksi hata ufungue paa haitoki. Kitinda aliinamisha uso. Mzee Sufi alimwangalia dada yake muda mrefu. "Huyu ni mwanangu," alisema. "Ukimtaja vibaya, unanitaja mimi." Shangazi akabadilisha mazungumzo.

Jumatatu asubuhi Kitinda hakutoka chumbani. Mama alipogonga, alijibiwa kwa sauti nzito: "Usiingie, mama. Nina homa. Koo linawasha."

Mama Sindano alisimama ukumbini, na neno la wodini likamrudia kichwani kama nzi. Kisha akakumbuka ncha ya kalamu kwenye duara. Alivaa barakoa, akafungua dirisha la ukumbini, akaenda kumwita Bibi Afya.

Vipimo vilionyesha mafua. "Mmeyakamata mlangoni," alisema Bibi Afya. "Abaki chumba chake, dirisha wazi, maji mengi. Mtu mmoja tu amhudumie, mwenye barakoa. Mzee asiingie humo."

Mzee Sufi hakuingia. Alichukua kigoda chake, akakipeleka uani, mbali kidogo na dirisha la binti yake, akaketi. Siku tano baba alikaa nje na binti akakaa ndani, wakazungumza. Alimsimulia alivyomposa mama yake kwa godoro lililokuwa na sindano iliyosahauliwa ndani. Kitinda alimsimulia ghala la vitabu, na jinsi alivyolia kwenye theluji baada ya ile simu. Kuna mambo ambayo hawakuwahi kuambiana sebuleni, watu ishirini wakiwa wamekaa. Mama Sindano aliyasikia kutoka jikoni. Alikoroga uji ule ule mpaka ukawa mzito kama gundi.

Kila jioni alimpima mzee joto. Siku ya tatu mzee alikohoa mara mbili, na nyumba nzima ikasimama.

"Ni mate yamenipalia," alisema kwa kuudhika. "Mtu hawezi kucheka tena?"

Homa ya Kitinda ilikwisha siku ya tatu. Hata hivyo alingoja, kama Bibi Afya alivyomwambia, na alipotoka hakuvua barakoa siku kadhaa zaidi. Siku hizo zilipokwisha, alitoka uani asubuhi, uso wazi, akasimama mbele ya kigoda cha baba yake. Mzee alijiinua mwenyewe, bila kushika kitu. Hakusema mzaha wowote. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akamweka kifuani, pale pale penye kifua kibovu, na hawakuachana upesi.

Mwaka huo Mzee Sufi hakuugua. Siku ya mwisho ya likizo alimsindikiza Kitinda hadi stendi, akisimama njiani mara nne kupumua na mara sita kujisifu.

Shangazi alikuwa amewatangulia stendi. Alisimama kando, barakoa mkononi, akiikunja na kuikunjua. Bibi Afya alikuwa amemtembelea kwake. Walikaa mchana mzima, na hakuna aliyejua walisema nini.

"Nilikusema vibaya, mwanangu," alimwambia Kitinda.

"Nilisikia, Shangazi."

"Najua. Mimi sauti yangu haijui kunong'ona." Alimshika mkono. "Mwakani fikia kwangu kwanza, siku zile za kungoja. Kaka yangu akae kwake salama. Nimemwita seremala. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Sasa yapo mawili."